Kwenda Loiyangalani kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila likizo ikikaribia napigiwa simu kuulizwa yale yale. Loiyangalani ni mbali kiasi gani? Gari dogo litafika? Maji ya kunywa yapo? Usalama je? Wengi wanaouliza wameona picha moja tu: ziwa la kijani, mawe meusi, na nyumba za makuti zilizoinama kama mabakuli yaliyofunikwa. Picha hiyo haidanganyi. Ila haionyeshi barabara, wala upepo wa usiku, wala watu ambao hapo ni nyumbani kwao. Basi haya hapa, kwa anayekwenda mara ya kwanza.

Loiyangalani ni mji mdogo kwenye ufuo wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Jina ni la Kisamburu, maana yake mahali penye miti mingi, na ukifika utaelewa kwa nini. Umepita saa nzima kwenye mawe matupu, halafu ghafla unaona mikoma imesimama pamoja, imezunguka chemchemi zinazoshuka kutoka Mlima Kulal. Hapo wanaishi Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo.

Neno moja kabla ya mengine yote: kama una siku tatu tu, usiende safari hii. Nenda kwingine karibu, na Loiyangalani uiwekee wiki. Siku mbili za kwenda, tatu za kukaa, mbili za kurudi. Ukiweza ongeza moja ya akiba, maana laga, yaani mto wa msimu, ikijaa au tairi zikikuishia huna njia ya mkato. Karibu kila safari ya huko niliyoiona ikiharibika iliharibiwa na haraka.

VITU VYA KUWA NAVYO

Gari lenye nguvu ya magurudumu yote manne na lililoinuka kutoka chini. Gari dogo litafika Marsabit mjini bila shida, kwa kuwa lami ya Isiolo hadi Moyale ni nzuri, lakini ukiiacha lami mambo hubadilika.

Spea mbili nzima, si moja. Pamoja nazo jeki, kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, plagi za kuziba tairi, pampu ya upepo, koleo na kamba ya kuvutia gari.

Maji: piga hesabu ya lita tano kwa kila mtu kwa siku, kisha ongeza jerikeni moja ya lita ishirini isiyoguswa hadi mfike. Maji ya akiba yagawe katika vyombo viwili au vitatu. Jerikeni moja kubwa ikipasuka, umepoteza yote.

Mafuta ya ziada. Kutoka Laisamis hadi Loiyangalani kadiria kilomita 250 hivi, na mizunguko ya huko haimo. Mjini mafuta hupatikana kwenye mapipa na jerikeni, kwa bei ya juu, na siku nyingine hayapo kabisa.

Pesa taslimu, tena noti ndogo ndogo. Simu ya pesa hutumika sana, ila mtandao ukilala nayo inalala. Mashine za benki zimalize Isiolo au Marsabit.

Kitambulisho au pasipoti kwa kila aliyemo garini. Barabara ya kaskazini ina vizuizi vya polisi, na vitambulisho huulizwa, hata cha abiria aliyelala kiti cha nyuma.

Ramani uliyoipakua kwenye simu kabla ya kuondoka. Tochi ya kuvaa kichwani. Kofia yenye kamba ya kidevu. Viatu vilivyofunikwa. Shuka au leso kubwa ya kujifunika uso vumbi linapovuma. Chandarua. Sanduku la huduma ya kwanza lenye chumvi za kurudisha maji mwilini. Kuhusu dawa za kinga ya malaria, muone daktari wiki mbili tatu kabla.

Hema ukilileta, lilete la chini lenye vigingi virefu vya chuma. Lile refu la kusimamia ndani liache nyumbani, sababu utaiona mbele.

HATUA YA 1: CHAGUA MSIMU

Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba ndizo za kuogopa. Siyo kwamba zinanyesha nyingi. Jangwa hilo hupata kidogo sana. Tatizo ni laga zinazokatiza barabara. Inaweza kunyesha mlimani mbali, wewe uko kwenye jua kali, na laga iliyo mbele yako ikashuka na maji ya kahawia yanayobeba miti. Juni hadi Septemba ni wakati mzuri. Januari na Februari barabara ni kavu, ila joto ni la kukausha midomo: mchana kupita nyuzi 35 ni jambo la kawaida.

Loiyangalani pia huwa na tamasha la utamaduni linalokusanya jamii za Marsabit na za kandokando ya ziwa, lililoanza 2008. Ukitaka kwenda wakati huo, uliza tarehe kwa ofisi za kaunti mapema na uhifadhi malazi kabla ya kitu kingine chochote. Vyumba ni vichache na hujaa. Binafsi napendekeza safari ya kwanza uifanye wakati mji umetulia.

HATUA YA 2: CHAGUA NJIA

Njia ni tatu, na swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote.

Ya kwanza ni Nairobi, Nanyuki, Isiolo, Archers Post, Laisamis, halafu unaiacha lami na kushika magharibi kupitia Illaut na South Horr. Mgeni ashike hii. Sehemu ya Laisamis hadi Sarima, kilomita 208, ilitengenezwa upya ili malori yapitishe mitambo ya umeme wa upepo, na ingawa ni ya changarawe na ina matuta, inapitika.

Ya pili inapitia Nyahururu, Rumuruti, Maralal na Baragoi, kisha inaungana na ya kwanza South Horr. Mandhari yake ni ya kukutoa machozi, hasa pale ardhi inapokatika kuelekea bonde la Suguta. Lakini wizi wa mifugo na mashambulizi ya barabarani yameisumbua sehemu hiyo miaka mingi. Februari 2023 Samburu ilikuwa miongoni mwa kaunti sita ambazo serikali ilipeleka operesheni ya kiusalama. Usiipite kwa kuwa rafiki alipita mwaka juzi. Ipite kama umeongea na mtu aliyeko Baragoi wiki hiyo hiyo, na polisi wa Maralal wamekuruhusu.

Ya tatu inazunguka Marsabit, Maikona, Kalacha na North Horr kwa kukatiza jangwa la Chalbi. Chalbi ni kitanda cha ziwa lililokauka, cheupe kwa chumvi, tambarare hadi macho yanachoka. Ikiwa kavu unakimbia kama uko uwanja wa ndege. Ikilowa, gari linazama hadi ekseli na hakuna mti wa kufungia kamba. Pita na dereva wa huko na magari mawili, au usipite.

Asiye na gari: panda basi hadi Marsabit, lala, kisha asubuhi uliza stendi kuhusu Land Cruiser au lori linalokwenda Loiyangalani. Hakuna ratiba. Unaweza kuondoka siku hiyo hiyo, unaweza kungoja siku mbili. Juu ya lori beba maji yako na kitu laini cha kukalia.

HATUA YA 3: PIGA SIMU KABLA YA KUONDOKA

Tafuta nyumba ya wageni ya Loiyangalani na uongee na mwenyeji kwa mdomo, usitegemee ujumbe. Muulize mambo manne: barabara ikoje wiki hii, laga zipi zina maji, kuna fununu yoyote ya usalama, na mafuta yapo mjini? Mwambie siku na saa unayotarajia kufika. Ukichelewa sana, yeye ndiye atakayeanza kuulizia. Mwachie pia namba ya mtu wa nyumbani kwenu.

HATUA YA 4: SIKU YA KWANZA, MWISHO ISIOLO AU ARCHERS POST

Toka Nairobi alfajiri. Isiolo ni kama kilomita 270, na kwa vituo vya chai na msongamano utafika mchana. Jaza tangi na jerikeni. Nunua vitunguu, nyanya, ndimu na matunda, kwa sababu mbele ya hapo mboga huwa chache na ghali. Kagua upepo wa tairi zote, pamoja na spea. Spea isiyo na upepo ni mzigo tu.

Wengi hukosea hapa: wakiona jua bado liko juu wanasema wasukume hadi Laisamis. Matokeo yake wanaanza changarawe kesho wakiwa wamechoka, au wanaendesha usiku kwenye barabara ya ngamia. Ngamia mweusi wa usiku haonekani hadi uwe chini yake. Lala.

HATUA YA 5: SIKU YA PILI, ACHA LAMI KABLA YA SAA TATU

Ondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi. Baada ya Archers Post utaona upande wa kushoto mlima Ololokwe, mwamba uliokatwa wima kama ukuta, unaanza kushika rangi ya jua. Simama dakika tano, kisha songa. Isiolo hadi Laisamis ni kilomita 150 na ushee za lami.

Laisamis fanya mambo matatu. Nenda kituo cha polisi, jitambulishe na uulize hali ya njia. Ongeza mafuta ukiyapata. Funga upya mizigo, hasa ya juu ya gari, maana matuta ya changarawe hulegeza kila kamba.

Kwenye changarawe mwendo wa kilomita 40 hadi 50 kwa saa unatosha. Kwenye mchanga wa laga punguza upepo wa tairi kidogo, ingia taratibu kwa gia ya chini na usisimame katikati. Ukitoka mchangani na kurudi kwenye mawe, jaza tena. Watu husahau hili la mwisho. Tairi laini juu ya jiwe kali hupasuka ubavuni, na ubavu hauzibiki.

South Horr kula chakula cha mchana. Ni bonde lenye miti mikubwa na kivuli cha kweli, Mlima Nyiru ukiwa kando yake, na hutaona kijani kama hicho tena hadi ufike. Ukifika hapo baada ya saa tisa alasiri, lala hapo. Usijaribu kumaliza.

Baada ya South Horr miti inapungua, nyasi zinapungua, kisha mitambo ya umeme wa upepo inaanza kuonekana Sarima: mihimili meupe 365, yote imegeukia upande mmoja, yenye uwezo wa megawati 310. Hapo ndipo utajua kwa nini Sarima ilichaguliwa. Fungua mlango wa gari kwa mikono miwili, na usifungue milango miwili inayoelekeana kwa wakati mmoja. Nilishuhudia abiria akifanya hivyo, na karatasi zote za gari zikaenda Suguta.

Kuanzia Sarima kwenda ziwani ndiyo sehemu inayokula tairi. Mawe ni ya volkano, meusi, mengine saizi ya chungu, mengine saizi ya ngumi yenye makali kama chupa iliyovunjika. Shuka hadi kilomita 15 au 20 kwa saa. Safari yangu ya kwanza nilikuwa na spea moja. Tairi ya nyuma ikapasuka, nikaifunga ile spea, na kilomita nane mbele ikapasuka ya mbele. Tulikaa juani kuanzia saa saba hadi karibu saa kumi na mbili, tumejibanza kwenye kivuli cha gari kilichokuwa kinahama, hadi kijana Msamburu aliyekuwa na mbuzi wake akakimbia kwenda kutuitia lori. Maji yetu ndiyo yaliyotutunza, na tuligawana naye. Hivyo nikisema spea mbili, sisemi kwa kujaza orodha.

Halafu barabara inapinda, na ziwa linatokea lote kwa pamoja. Usilitazame huku ukiendesha. Simamisha gari kabisa, vuta breki ya mkono, weka jiwe nyuma ya gurudumu, ndipo ushuke. Rangi yake hubadilika kwa upepo na mwanga: kijivu asubuhi, bluu mchana, na ule ukijani unaosifiwa, unaotokana na mwani, huja pale maji yanapotulia na mwani kuelea juu. Ndilo ziwa kubwa zaidi la kudumu la jangwani duniani, zaidi ya kilomita 250 kwa urefu. Wavumbuzi wa Ulaya Teleki na von Höhnel walipolifikia 1888 walilipa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf, na likaitwa hivyo hadi 1975 Kenya ilipolipa jina la Turkana.

HATUA YA 6: CHAGUA MAHALI PA KULALA KWA KUZINGATIA UPEPO

Utafika mchana, jua litakuwa kali, utaona ufuo mtupu wenye mandhari nzuri na kutamani kupiga hema pale pale. Usifanye hivyo. Upepo wa hapo huongezeka usiku na kuendelea hadi asubuhi. Ukilala ufuoni utasikia kwanza kama lori linakuja kwa mbali, halafu hema linalala juu ya uso wako.

Lala ndani ya eneo lenye mikoma. Kuna kambi na nyumba za wageni, nyingine zikiwa na vibanda vya makuti na maji ya chemchemi. Hema lielekeze mgongo upande wa mashariki, pigilia vigingi vyote, na juu ya kila kigingi weka jiwe. Kamba za nguo sahau. Viatu viingize ndani, na asubuhi vikung'ute kabla ya kuvaa: nge hupenda viatu.

Onyo: maji ya ziwa si ya kunywa. Ni ya magadi na yana floraidi nyingi. Kuyachemsha hakusaidii, maana kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Kunywa uliyobeba au ya chemchemi ambayo wenyeji wenyewe wanakuonyesha, nayo uyachemshe.

HATUA YA 7: TAFUTA MWENYEJI WA KUKUONGOZA

Siku yako ya kwanza mjini isiwe ya kupiga picha. Salimia watu. Kwa Msamburu sema "supa", kwa Mturkana "ejok", na Kiswahili kitakubeba sehemu iliyobaki. Wazee waamkie "shikamoo mzee", wasubiri wamalize kukutazama, ndipo useme shida yako. Mwombe mwenye nyumba ya wageni akutafutie kijana wa kukutembeza, mkubaliane malipo ya siku nzima mapema na mbele ya mtu wa tatu.

Kwenye vijiji vya Waelmolo, Layeni na Komote, hili lina uzito zaidi. Ni moja ya jamii ndogo kabisa nchini, wavuvi tangu zamani, na lugha yao ya asili imepotea midomoni mwa karibu wote. Leo wanazungumza Kisamburu. Kwa miaka mingi wageni wamekuja, wakashuka garini na kamera tayari jichoni, wakapiga, wakaondoka. Usiwe mmoja wao. Pitia kwa mzee wa kijiji, lipa mchango wa kijiji kwa pamoja badala ya kugawa noti kwa watoto, kisha kaa. Kaa kabisa, juu ya jiwe, nusu saa. Atakuja mtu anayeshona wavu, au mama anayepanga samaki kwenye jua, na mazungumzo yataanza yenyewe. Mzee mmoja pale Layeni alinionyesha kwa fimbo mahali palipokuwa nyumba ya baba yake. Fimbo ilielekea majini. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni, likameza makazi na makaburi, na Komote sasa imezungukwa na maji, unafika kwa mashua.

Ukitaka kununua shanga au ukindu, nunua kwa aliyeshona. Peremende kwa watoto usilete. Kama una moyo wa kutoa, uliza shule inahitaji nini.

HATUA YA 8: PANGA MATEMBEZI YA KILA SIKU

Tembea alfajiri hadi saa nne, pumzika kwenye kivuli hadi saa kumi, kisha toka tena. Wageni wanaokaidi ratiba hii huishia kulala na kichwa kinachogonga.

Jumba la Makumbusho ya Jangwa, lililofunguliwa 2008 chini ya Makumbusho ya Taifa, liko juu ya kilima kinachotazama ziwa. Anza hapo, utakachoona vijijini kitakuwa na maana zaidi. Michoro ya kale iliyochongwa kwenye miamba, yenye twiga na wanyama wengine, mwombe kiongozi wako akupeleke, na usiiguse wala kuimwagia maji ili ionekane vizuri kwenye picha. Mlima Kulal, wenye zaidi ya mita 2,200, una msitu wa ukungu juu ya jangwa. Unahitaji siku nzima, gari zuri, na sweta. Ndiyo, sweta.

Kisiwa cha Kusini ni hifadhi ya taifa na sehemu ya urithi wa dunia. Ada ya Shirika la Wanyamapori hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo ilipe ukiwa bado mahali penye mtandao mzuri. Mashua iwe na injini, injini ya akiba au makasia, na jaketi la kuokoa maisha kwa kila mtu. Hakuna jaketi, hakuna safari, hata bei ikishushwa nusu.

Na nahodha akisema hapana, ni hapana. Niliwahi kumsihi mmoja saa mbili asubuhi, maji yakiwa yametulia machoni pangu. Alitazama kilele cha Kulal, akaokota mchanga, akauachia taratibu kutoka kwenye ngumi, akautazama unavyoanguka. "Leo hapana." Kabla ya saa nne mawimbi yalikuwa na povu jeupe kutoka ufuoni hadi upeo wa macho. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda kisiwa hicho na hawakuonekana tena.

Kuogelea: mamba wa ziwa hili ni wengi, na maji ya magadi hayawazuii. Oga kwenye maji ya chemchemi kambini, ambayo ni ya uvuguvugu na matamu mwilini baada ya vumbi. Ukiona watoto wa kijiji wanaoga ziwani, jua wanafahamu mahali na saa, wewe hufahamu.

LIKITOKEA TATIZO

Laga imejaa maji. Zima gari mbali na ukingo, weka jiwe pale maji yanapoishia, ngoja. Mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Usivuke kwa kufuata lori: lori ni zito na refu kuliko lako. Hata maji yakishuka, mtu atembee kwanza kwa fimbo kupima kina na uimara wa mchanga.

Gari limezama mchangani. Acha kukanyaga mafuta mara moja, kila mzunguko unalizamisha zaidi. Toeni abiria na mizigo, chimbeni mbele ya magurudumu yote, punguzeni upepo wa tairi, wekeni mawe bapa au mikeka ya gari chini yake, kisha litoke kwa gia ya chini kwa mwendo mmoja bila kukatisha.

Gari limekufa kabisa. Baki nalo. Gari huonekana kutoka mbali na lina kivuli. Mtu anayetembea hana vyote viwili. Gawa maji kwa ratiba lakini usimnyime mtu mwenye kiu. Gari lolote litakalopita litasimama, ndiyo desturi ya huko, na wewe ukimkuta mwenzio simama.

Mtu amezidiwa na joto. Kichwa kuuma, kichefuchefu na miguu kukakamaa: mpeleke kivulini, mpe maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini kidogo kidogo, mlowanishe shingo na kwapa, mpepee. Akianza kuongea ovyo au kuzimia, usimnyweshe kitu. Endeleeni kumpooza kwa maji mwilini huku mkimkimbiza kwenye zahanati. Hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Mji una uwanja mdogo wa ndege, hivyo bima inayolipia kubebwa kwa ndege ina faida yake hapa kuliko mahali pengi.

Ameumwa na nyoka. Mlaze, mguu au mkono ulioumwa usichezeshwe, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, mpeleke hospitali. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Usiku tembea na tochi na viatu, nawe utapunguza sana hatari hii.

Mtandao umepotea na pesa ya simu haitoki. Mweleze mwenye nyumba mapema, siyo asubuhi ya kuondoka. Kwa kawaida atakubali kungoja hadi ufike penye mtandao, kama mlianza kwa heshima.

Mafuta hayatoshi kurudi. Uliza siku ya kwanza, siyo ya mwisho, ili yakikosekana lori liyalete kutoka Marsabit. Ukinunua ya pipa, yachuje kwa kitambaa safi kabla ya kuyamimina kwenye tangi.

Umesikia habari ya vurugu mbele ya njia. Usiondoke. Nenda kituo cha polisi, subiri, tumia ile siku ya akiba. Ikibidi, rudi kwa njia nyingine mkiwa magari mawili au zaidi.

Siku ya kurudi, amka saa kumi usiku upepo ukiwa bado unapiga, pakia kwa tochi, na uwe juu ya yale mawe meusi mwanga wa kwanza unapotosha kuona makali yake. Kabla ya kuwasha gari, zunguka ukikagua tairi zote nne kwa mkono, nje na ndani ya ubavu, kisha mpigie mwenyeji wako ukifika Laisamis ili ajue umetoka salama.